Hotpoti ya Bi Shemsa na Muhuri wa Dirisha la Tatu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalitanguliza hilo ili afisa yeyote atakayesoma hapa asihangaike kuitafuta kwenye ramani, wala asijipapase kuona kama ametajwa. Jina lake pia sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Jina lilikuwa bado liko kwenye kamati. Kamati ilipewa kazi ya kuitafutia nchi jina zuri zaidi, ikaomba posho, ikapewa, ikaomba tena, na mpaka naondoka huko wananchi walikuwa wanasema tu "hapa kwetu" na kuelewana vizuri sana.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na kasoro zao. Walichelewa mikutanoni, walisengenyana misibani, na walikopa sukari huku wakiwa na sukari. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya, awe tajiri au fukara: kurudisha chombo cha mtu kitupu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli lake linarudi na kitu. Unacho, weka cha maana. Huna, weka ndimu, weka kitunguu, weka chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Aliyerudisha sahani tupu aliulizwa palepale mlangoni, "Kwenu kuna msiba?" Na kama msiba haukuwepo, basi aibu ilikuwepo.

Sasa, zamani majirani walikuwa karibu. Baadaye watoto wakaenda kuchimba madini kaskazini, mabinti wakaolewa milimani, wakwe wakahamia mpakani, na vyombo vikawafuata kwa posta. Ada ya posta nayo ilipanda mpaka kutuma sufuria kukazidi bei ya sufuria pamoja na wali uliokuwa ndani yake. Mabasi yalikatazwa kubeba kitu chochote chenye mfuniko, ili kuilinda posta dhidi ya ushindani usio wa haki, maana mabasi yalikuwa yanafika. Matokeo yake kila kabati la nchi ile lilijaa vyombo vya watu wengine. Mtu alikula kwenye sahani ya shangazi yake, akanywa kwa kikombe cha wifi yake, na dhambi ilikuwa ikimkaa kooni.

Serikali ikasikia.

Siku ya kutangazwa kwa Ada Nafuu, Mheshimiwa Malimbo, Waziri wa Posta, Vifurushi na Furaha ya Wananchi, alipanda jukwaani akiwa amevaa suti ya kijivu na stempu kubwa ya heshima kifuani.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Serikali yenu sikivu imesikia. Imesikia tena. Na iliposikia mara ya pili imebaini kuwa ilichokisikia mara ya kwanza kilikuwa kweli! Kuanzia leo, kila chombo kinachorudi kwa mwenyewe kitasafirishwa kwa robo ya ada. Robo, ndugu zangu! Mnaijua robo?"

Watu wakajibu kwamba wanaijua.

"Kwa sharti moja tu, dogo, dogo kabisa, hata kulitaja naona haya. Chombo kiwe kitupu. Maana wataalamu wetu wamefanya utafiti nje ya nchi na kugundua kwamba chombo kitupu ni chepesi kuliko chombo chenye kitu!"

Uwanja ulinyamaza, kama sebule ambayo mgeni amekwenda kukaa kwenye kiti cha marehemu. Wabunge, ambao kila mmoja wao alilelewa na mama, wakaangalia viatu vyao. Mheshimiwa mwenyewe hakuelewa kimya kile kilitoka wapi. Tangu awe diwani, vyombo vya watu nyumbani kwake vilirudishwa na dereva, na dereva ndiye aliyejua huwa wanaweka nini ndani. Bendi ikapiga, kwa kuwa ilishalipwa, watu wakapiga makofi kwa kuwa bendi imepiga, na sheria ikapita bila kupingwa. Hakuna mtu hapa kwetu aliyewahi kujua namna ya kuyarudisha makofi yakishatoka.

* * *

Ndipo anapoingia Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa mjane wa mjini, mpishi wa visheti na kashata, na alikuwa na binti mmoja, Raya. Raya alikuwa amependana na Haidari, fundi wa majokofu wa huko milimani, kijana mpole ambaye hata akikasirika aliomba radhi kwanza. Mama yake Haidari, Bi Shemsa, alileta posa kama inavyoletwa posa katika nchi ile: hotpoti kubwa ya bluu yenye maua mekundu, imejaa pilau. Mnaipokea, mnakula, mnafikiri. Hotpoti ikirudi na kitu kitamu, mmekubali. Ikirudi tupu, mmekataa, na wenye mtoto watafute mlango mwingine. Isiporudi kabla mwezi mwingine haujaandama, mmekataa na juu ya hayo ni wezi.

Najua unachowaza. Si angepiga simu? Alipiga.

"Shoga," Bi Shemsa akamjibu kutoka milimani, "mimi moyo wangu mweupe. Lakini hapa kuna kaka yangu, mjomba wake Haidari, ana binti wa mwenye duka amemweka akiba. Kila siku anauliza, 'Hotpoti iko wapi?' Nikimwambia wamekubali kwa simu atanicheka. Simu ni ya kuulizia bei ya nyanya. Mdomo husema lolote, shoga, chombo hakidanganyi."

"Nimekuelewa, dada. Kinakuja."

"Kije na kitu."

"Kwani mimi sina wazee walionilea?"

Bi Kidawa akakaanga visheti vyake vizuri kuliko vyote alivyowahi kukaanga, akavijaza kwenye hotpoti, akaifunga kwa kanga mpya, akaenda posta.

Posta ilikuwa na madirisha matatu. La kwanza lilikuwa la ada kamili, nalo lilikuwa limefungwa, kwani karani wake alikwenda semina ya huduma kwa wateja, akaipenda, akabaki hukohuko. Dirisha la pili lilikuwa la kuulizia dirisha la kwanza litafunguliwa lini. La tatu lilikuwa la Ada Nafuu, na nyuma yake alikaa Bwana Tawakali, mtu mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, na sauti ya kumtakia kila mtu heri huku akimkatalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naleta chombo cha watu."

"Karibu sana. Kitupu?"

"Ah, mwanangu, kitupu tena!"

Bwana Tawakali akafunua mfuniko. Harufu ya iliki ikapanda mpaka darini. Akafumba macho, akayafumbua, akasema kwa huzuni, "Kuna kitu."

"Kipo. Nimekiweka mwenyewe."

"Basi si kitupu, mama."

"Ningekirudishaje kitupu? Mkono mtupu haulambwi. Na hii ni hotpoti ya posa, baba, nikiipeleka tupu nimemwachisha binti yangu kabla hajaolewa."

"Nakuelewa kabisa. Hata mimi mama yangu alinifundisha hivyohivyo, Mungu amrehemu. Lakini hapa nilipokaa," akaonyesha kiti chake, "hapa nimekaa kiserikali."

Akavimimina visheti kwenye trei ya bati iliyoandikwa VIELELEZO, akapiga muhuri wa IMEKATALIWA juu ya mfuniko kwa nguvu zilizoonyesha uzoefu, na kumrudishia Bi Kidawa hotpoti yake.

"Na visheti vyangu?"

"Ni vielelezo, mama. Vinatunzwa kwa ajili ya uchunguzi." Kimoja kilikuwa tayari kinachunguzwa. "Njoo kesho. Suala lako linashughulikiwa."

* * *

Lazima niseme ukweli, kwa sababu nchi haipo na hakuna wa kunishitaki: makarani wa posta walinenepa mwaka ule. Vielelezo viliingia kwa trei. Maandazi, halua, karanga, ndizi kavu, asali. Taarifa ya wizara ilisema kwamba vielelezo vyote "vimetoweka kwa njia ya asili," na hilo halikuwa uongo.

Wananchi nao si wajinga. Baada ya kuona vyakula vinakamatwa, walianza kuweka kidogo: punje moja ya mchele iliyobanwa pembeni, mbegu ya ufuta chini ya ukingo. Serikali ikaajiri watu wenye kucha ndefu. Wananchi wakaacha kuweka kitu, wakafukiza vyombo kwa udi ili angalau ifike harufu. Serikali ikatangaza kuwa harufu ni mzigo, na kila chombo kikaoshwa papo hapo kwa sabuni ya serikali isiyonukia wala kutoa povu. Basi watu wakaanza kusema dua ndani ya chombo na kukifunika haraka. Hapo ndipo serikali ilipotambua kwamba hali ni mbaya, ikamteua Daktari Sufiani kuwa Mkaguzi Mkuu wa Vyombo Vitupu.

Daktari Sufiani alikuwa na shahada kutoka nchi ambayo watu wake hula kwa sahani za karatasi na kuzitupa. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye manukato, na hakuwahi kucheka bila idhini. Siku yake ya kwanza alisimama katikati ya posta na kuhutubia foleni.

"Utupu wa chombo," alisema, "si suala la macho. Ni suala la sera! Kuanzia sasa kila atakayeleta chombo ataulizwa: ndani humu umesema nini? Na akisita, chombo kitageuzwa na kukung'utwa mpaka karani aridhike!"

Na kweli vikakung'utwa. Ungewakuta makarani wenye umri wa kuheshimiwa wanakung'uta masufuria kama watu wanaofukuza nyuki, huku mabibi wakilia, "Hiyo ilikuwa dua ya mjukuu wangu, mgonjwa yule!"

Mimi nilikuwepo. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Bi Kidawa alirudi na kashata. Kashata zikawa vielelezo. Alirudi na vipande vya halua vilivyofichwa kwenye mfuniko, kati ya plastiki ya juu na ya chini, kazi ya fundi. Bwana Tawakali alivikuta, akamsifu kwa ubunifu, akavila. Kila mara alimwamkia kwanza, na kila mara alimpigia IMEKATALIWA, mpaka yale maua mekundu ya hotpoti yakawa hayaonekani kwa wino.

Nyumbani, Raya hakuwa akila vizuri. Haidari alimpigia simu kila jioni na kuuliza habari za hotpoti kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Imefika wapi?" aliuliza.

"Imefika dirishani," Raya alijibu. Siku moja akakata simu na kumgeukia mama yake huku machozi yanamtoka. "Mama, kwani mimi naolewa na Haidari au na posta? Mjomba wake ameshamwita yule binti wa dukani kuja kunywa chai. Mwezi unaandama keshokutwa!"

Bi Kidawa alikaa na ile hotpoti mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe alijiona mtu asiye na thamani.

* * *

Siku iliyofuata aliisugua hotpoti kwa mchanga na maji ya moto mpaka mihuri yote ikatoka. Hakuweka kitu. Hakufukiza. Hakusema neno ndani yake. Aliifunga kwa kanga kuukuu na kuipeleka posta.

"Angalau watu wapate chombo chao," alimwambia Raya mlangoni. "Wanikatae, lakini wasiniite mwizi."

Bahati ilikuwa kwamba Daktari Sufiani yupo. Alifunua mfuniko mwenyewe, akachungulia, akanusa, akapitisha kidole, akageuza, akakung'uta, akasikiliza. Uso wake ukaanza kung'aa.

"Hakuna kitu," akanong'ona. Halafu akapaza sauti. "Hakuna kitu! Ndugu zangu, hiki ndicho chombo kitupu cha kwanza tangu sheria ianze! Mtazameni mama huyu! Mzalendo! Mfano wa kuigwa!" Akampa Bi Kidawa mkono, akampiga picha, akajipiga picha yeye na hotpoti. "Bwana Tawakali, kipigie muhuri wa kukubali na kitiwe lakiri. Mimi nakwenda kumpigia simu Mheshimiwa." Akaondoka mbio, viatu vikilia kwa furaha.

Bi Kidawa alisimama palepale, machozi yanamshuka kimyakimya, mfano wa kuigwa.

Bwana Tawakali alifungua droo kuutafuta muhuri wa kukubali. Hakujua uko wapi. Alitoa mihuri mitano ya IMEKATALIWA iliyolika mpaka mti, akatoa kichana, akatoa ganda la kielelezo, na mwishoni kabisa, nyuma, akaukuta umefungwa kwenye nailoni ya dukani. IMEKUBALIWA. Mpira wake ulikuwa haujawahi kugusa wino.

"Mwanangu Tawakali," Bi Kidawa akasema, "sikulaumu. Umekula visheti vyangu, umekula kashata zangu, umekula na ile halua ya kwenye mfuniko. Umekula katika chombo hiki zaidi ya mtu yeyote, kuliko hata sisi tuliokula pilau. Na kila ulipokwisha kula, ulinirudishia kitupu. Sikusema. Nilijua umekaa kiserikali. Leo nasema kwa sababu sina tena cha kupoteza. Yule mama aliyekufunza, angekuwa hai akaona, angesemaje?"

Bibi mmoja nyuma, mwenye sufuria kichwani, akasema taratibu, "Ee, jamani. Kweli alikula." Na mwingine akadakia, "Kwangu alikula maandazi." Na mwingine, "Asali yangu, na kidole akalamba." Hawakusema kwa hasira. Walisema kama watu wanaotaja jina la mgonjwa.

Bwana Tawakali alivua miwani. Alikuwa mtu aliyezoea kulaaniwa, na laana zilimpita kama maji juu ya jani la yugwa. Lakini hili hakuwa amejiandaa nalo. Alijipapasa mfukoni, akapata funguo za nyumba na leso iliyotumika. Akatazama trei ya vielelezo. Alikuwa ameimaliza saa nne. Akashika kalamu, nayo ilikuwa imefungwa kamba mezani. Gundi imefungwa kamba. Mkasi umefungwa kamba. Hata kiti kilikuwa na mnyororo. Kila kitu cha serikali kwenye dirisha lile kilikuwa kimefungwa isipokuwa muhuri wa kukubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ungetoka kwenye droo.

Akaulowesha wino. Akaupiga juu ya mfuniko, mara moja, kwa upole, kama mtu anayembusu mtoto aliyelala. Halafu akafunua mfuniko, akauweka muhuri wenyewe ndani ya hotpoti, akafunika, akamwaga lakiri nyekundu kuzunguka ukingo wote.

"Lakiri ya serikali," alisema, "haifunguliwi na yeyote ila mpokeaji. Hata Mkaguzi. Hata Mheshimiwa. Nenda salama, mama. Nami unisamehe."

Watu wa foleni waliangalia dari, ukuta, saa iliyokufa. Kila mmoja aliona, na hakuna hata mmoja aliyeona.

* * *

Hotpoti ilifika milimani siku mwezi ulipoandama, mchana wake. Kwa posta ya nchi ile huo ulikuwa muujiza, lakini kifurushi chenye muhuri wa kukubali kilikuwa hakijawahi kuonekana, na kila aliyepewa alimpasia mwenzake haraka akiogopa kuwa ni cha mkubwa.

Bi Shemsa aliipokea ukumbini. Haidari alisimama karibu na jokofu, rangi imemtoka. Mjomba wake, karani mstaafu wa serikali, mtu wa tai hata siku za mapumziko, alikuwa kwenye kochi pamoja na binti wa mwenye duka, wanakunywa chai.

"Itikise," mjomba akasema.

Bi Shemsa akaitikisa. Kitu kikagonga ndani.

"Jiwe," mjomba akasema. "Wamekutilia jiwe, dada. Watu wa mjini."

Lakiri ikavunjwa, mfuniko ukafunuliwa. Mjomba aliutoa ule muhuri, akaugeuza, akaukodolea macho, akaubonyeza kwenye kiganja chake. Wino ulikuwa bado mbichi. Akasoma. Kikombe kikamponyoka.

"Miaka yangu yote serikalini," alisema, "nilisikia kuwa upo. Nilidhani ni maneno ya wazee."

"Umeandikwaje?" Haidari akauliza.

Mjomba akamwonyesha kiganja.

Kigelegele alichopiga Bi Shemsa kiliwatoa majirani majumbani. Binti wa mwenye duka naye akapiga cha kwake, kwani hakuwa amempenda Haidari hata kidogo, alikuwa amefuata chai. Raya alipigiwa simu palepale. Alilia na kucheka kwa pamoja mpaka salio la Haidari likaisha. Wiki ile harusi ikafanyika.

* * *

Posta haikugundua kuwa muhuri umepotea. Nani angeutafuta? Kazi iliendelea kama kawaida. Kilichogunduliwa, tena baada ya muda mrefu, ni kwamba huko milimani watu wameanza kukubaliwa.

Mwanzo wake ulikuwa jirani aliyekuwa na ombi la maji lililokwama tangu baba yake yu hai. Alimwona Bi Shemsa na muhuri, akamwomba amgongee, basi tu, kwa baraka. Bi Shemsa akagonga. Jirani akapeleka ofisi ya maji, na ofisa aliyeona neno lile akasimama wima, kwa kuwa alidhani limetoka juu sana. Maji yakaja. Kesho yake wakaja wengine: mwalimu aliyeomba uhamisho, kijiji kilichoomba daraja, mzee aliyeomba kiinua mgongo. Bi Shemsa aligonga bure, na waliokuja na shida aliwapa na chai. Daraja likajengwa. Wizarani wakaingiwa na hofu.

Daktari Sufiani akatumwa kwenda kuutwaa muhuri. Aliwasili na gari na amri. Bi Shemsa akamkaribisha kama mgeni yeyote, maana hapa kwetu amri husomwa baada ya chakula. Daktari akala pilau. Akala tena. Alipomaliza, alisafisha koo na kuanza, "Kwa mujibu wa..."

"Nakusikia, mwanangu," Bi Shemsa akasema. "Muhuri ni wa serikali, na mimi si mwizi wa kitu cha watu. Lakini huo muhuri ulikuja kwangu ndani ya chombo. Tufuate utaratibu, kama mnavyosema wenyewe. Hii hapa hotpoti, nimekufungia pilau ya mama yako. Chombo kikirudi, kama desturi, nitakupa muhuri wako." Akamwekea mapajani ile ile ya bluu, ingali ya moto.

Daktari alijaribu kukumbuka kifungu cha sheria kinachomruhusu kuikataa pilau ya mama yake. Hakikuwepo.

Mama yake alikula, akalamba vidole, akamshukuru mwenye mkono. Kisha akaijaza hotpoti biskuti za nazi, akamkabidhi mwanawe, akamwambia asirudi bila kuituma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini Daktari Sufiani alifunzwa na wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Gari la wizara halikuweza tena kwenda milimani, kwa kuwa safari ya pili ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji muhuri wa kukubali. Mabasi, kama tujuavyo, hayabebi chenye mfuniko.

Kwa hiyo ukienda leo posta ya nchi ile isiyokuwepo, utamkuta. Anasimama kwenye foleni ya dirisha la tatu akiwa na hotpoti chini ya koti, anatoka jasho. Wa kwanza kumwona alikuwa Bwana Tawakali, aliyepungua mwili kidogo siku hizi kwa kuwa ameacha kula vielelezo.

"Habari za kazi, Daktari. Kitupu?"

Daktari akaisogeza hotpoti dirishani. Tawakali akafunua mfuniko, akanusa nazi, akafunika kwa heshima.

"Kuna kitu."

"Tawakali, tafadhali. Kigongee tu."

"Ningekigongea kwa mikono miwili, Daktari. Lakini muhuri wa kukubali uko milimani, kwa mwenye chombo. Chombo kikifika, utatoka. Njoo kesho."

Wale mabibi wa foleni hawamcheki. Wamemwachia nafasi kwenye benchi, wanamwamkia, na wakati mwingine mmoja humgawia karanga. Anazila kwa aibu na kuwarudishia karatasi ikiwa na pipi ndani. Wanasema anaanza kuwa mtu.

Jana simu yake ililia palepale benchini. Alikuwa mama yake.

"Sufiani, chombo cha watu umekirudisha?"

Daktari aliitazama hotpoti, akalitazama dirisha la kwanza lililofungwa, akaitazama foleni aliyoijenga kwa mkono wake. Akasafisha koo.

"Kinashughulikiwa, mama."